Tone Nililolilinda

Jirani yetu mshonaji, ambaye mtaa mzima unamwita Nilikuwepo kwa sababu hakuna jambo lililowahi kutokea bila yeye kuwepo, anasema siku ile dawa ya saratani ilimwagika hospitalini ikatoboa sakafu. Ilitoboa kigae, anasema, ikatoboa zege, ikashuka ghorofa ya chini ikamdondokea karani wa mafaili kichwani, nywele zikang'oka zote palepale kama kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Moshi ukatanda. Na mimi ninayekusimulia, anasema, nilitimua mbio nikipiga mayowe, nikaacha kiatu kimoja, na kiatu hicho hakijaonekana mpaka leo maana kiliyeyuka.

Nilimuuliza, "Dada, na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Hospitali yetu haina ghorofa."

Akakata uzi kwa meno. "We acha tu. Ingekuwa nayo je?"

Lililoniuma si hiyo ghorofa, ni hizo mbio. Sikukimbia hata hatua moja. Nilisimama mahali pamoja zaidi ya nusu saa, nikilinda tone.

Mimi ni msafishaji katika wodi ya saratani. Shule niliishia ya msingi, na kazi hii nilitafutiwa na shangazi, dada wa baba, aliyenilea tangu mama alipofariki. Shangazi amesafisha hospitali hiyo miaka kumi na tisa. Yeye ndiye aliyenifundisha kukamua dekio mpaka lisidondoshe, kuanzia mwisho wa chumba na kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, na kutoliacha doa lilale. "Doa ni kama umbea," husema. "Ukiliacha dakika tano limeshafika wodi ya pili."

Glavu tulizopewa zilikuwa zile nyembamba za kuvaa mara moja na kutupa, nazo zilikuja chache. Shangazi alikuwa anazifua. Anazifua kwa sabuni, anazigeuza, anazipuliza mpaka vidole vinasimama, anazibana kwenye kamba nyuma ya chumba cha kufulia, na upepo ukipita unakuta safu ya mikono inapunga kama inaaga safari. Hata zikishafuliwa hatukuzivaa ovyo. Tuliziweka kwa siku msimamizi anapopita. Vyoo vya wagonjwa tulivisafisha kwa mikono mitupu, maana shangazi anaamini glavu inaudanganya mkono. "Kiganja kitupu kinajua palipobaki uchafu," alinifundisha, nami nikawa mwanafunzi mzuri.

Katikati ya korido yetu kuna chumba ambacho sijawahi kuingia. Kina dirisha la kioo, na chini ya dirisha kuna kimlango kidogo cha kupitishia dawa. Hapo ndipo mfamasia anapochanganya dawa za saratani. Nje ya chumba hicho ni mwanamke mfupi, mcheshi, anayekula karanga akitembea. Akiwa ndani simjui kabisa. Anavaa gauni refu lililofungwa mgongoni, barakoa nene, miwani mikubwa, na glavu jozi mbili: ya kwanza inaingia chini ya mkono wa gauni, ya pili inaupanda. Anakaa mbele ya kabati la kioo linalovuta hewa lenyewe, uso nje, mikono ndani. Hapapasi wala hafanyi haraka. Hata akiwashwa pua hajikuni. Kila baada ya nusu saa anazivua zile glavu, nzima kabisa, hazina hata alama, anazitupa na kuvaa nyingine. Mara ya kwanza kuona hivyo roho iliniuma, kama namtazama mtu anayevunja sahani kila baada ya tonge.

Nilikuwa nafuta kioo kile zaidi ya kilivyohitaji. Shangazi alisema ipo siku nitakifuta mpaka kiishe. Kilichonivuta ni hiki: dawa ile ile aliyoivalia kama anayeingia kwenye moto ilitoka kwa kile kimlango, ikapelekwa mita kumi na tano tu, ikatundikwa, ikaanza kuingia kwenye mshipa wa mtu aliyevaa shati la mikono mifupi, anasoma gazeti. Tone kwa tone. Na yule mtu, baada ya wiki kadhaa, uvimbe wa shingo ulioshinda kila kitu unanywea. Mimi nilikuwa nasimama tu na kitambaa changu.

Wiki mbili kabla ya siku ya tone, wauguzi waliitwa kwenye mafunzo. Wasafishaji hatukuitwa. Lakini madirisha ya ukumbi yalihitaji kufutwa, kwa upande wa nje, na yalikuwa wazi. Nikafuta dirisha moja saa nzima. Nilisikia mfamasia akisema dawa hizi huua kinachokua haraka, ndiyo maana huua saratani, na ndiyo maana huchukua nywele. Nikasikia kwamba zinatoka kwenye mwili wa mgonjwa kwa mkojo na matapishi siku mbili au zaidi, na kwamba zinaweza kupita kwenye ngozi bila kuuma, bila kuacha alama. Kisha akaonyesha picha ya mwanamke mwenye tumbo, imepigwa mstari mwekundu. "Mjamzito asizishike," akasema. "Aseme mapema, abadilishiwe kazi. Mtoto tumboni naye ni kitu kinachokua haraka."

Siku hiyo nilikuwa nimejua kwa siku nne kwamba nina mimba.

Ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza nilizianza na kuzimaliza nikiwa kwenye kazi hii; hakuna iliyovuka mwezi wa tatu. Zile mbili tulizitangaza, mume wangu akachonga hadi kitanda kidogo, kisha tukaanza kupokea pole. Hii nilimficha hata yeye. Niliona nikiitaja tu itasikia, itashtuka, itaondoka. Nikapanga kunyamaza mpaka mwezi wa tatu upite. Nikamwambia shangazi mgongo unauma, abaki na vyoo, mimi nichukue madirisha na korido. Nikamwomba avae glavu, nikamweleza niliyoyasikia. Akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo.

"Miaka kumi na tisa, mwanangu. Ingekuwa sumu, si ningekuwa nimeshakuwa picha ukutani?"

Sikubishana naye. Hapo ndipo nilipokosea, na nalijua kosa langu: nilijiondoa mimi, nikamwacha yeye.

Basi Jumanne, saa nne asubuhi, nadeki korido kinyumenyume kama nilivyofundishwa. Nikageuka kuchovya dekio, nikaiona. Chini ya kile kimlango, kwenye kigae cheupe, palikuwa na kidimbwi cha ukubwa wa kisahani cha chai, na pembeni yake matone matatu kama vifungo vya shati. Nyekundu. Siyo nyekundu ya damu, hiyo naijua. Hii ilikuwa inang'aa kama sharubati ya watoto, nyekundu inayouita ulimi. Baadaye ilijulikana kwamba bomba moja la sindano kifuniko chake hakikukazwa, na muuguzi aliyelipokea aliondoka na trei bila kutazama chini.

Mikono yangu ilitangulia kabla ya akili. Dekio lilikuwa limeshateremka, limebakiza shubiri moja. Nikalivuta nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta wa pili.

Nikazunguka kwa mbali, nikagonga kioo. Mfamasia alikuwa katikati ya kuchanganya, sindano iko ndani ya kichupa. Hakugeuza kichwa. Aliinua kidole kimoja tu ndani ya kabati: subiri. Mlango wake haufunguliwi akiwa kazini, hewa inavurugika. Mwisho wa korido lilikuwa limetundikwa boksi la vifaa vya kusafishia dawa iliyomwagika, lakini nililikumbuka neno lake la kule ukumbini: aliyefundishwa ndiye anayesafisha, asiyefundishwa ana kazi moja, kuzuia watu.

Nikaweka ndoo upande mmoja, kibao cha kuonya sakafu imelowa upande wa pili, nikasimama mbali kidogo, mikono nyuma. Sijui kama umewahi kuwa msafishaji ukasimama mbele ya doa bila kulifuta. Vidole vinawasha. Unaona kila mtu anakutazama hata kama hakuna mtu.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee mmoja mgonjwa, dereva mstaafu wa malori ya mafuta. Alikuwa anasukuma chuma chake cha kutundikia dawa, anaelekea chooni.

"Binti, barabara imefungwa?"

"Imefungwa, mzee."

"Ajali?"

"Mzigo umemwagika."

"Mzigo wa nani?"

Nikautazama mfuko uliokuwa juu ya kichwa chake, nao ni mwekundu vilevile. "Wako."

Akainamisha shingo, akatazama chini, akatazama juu, akaufuata mrija kwa macho mpaka kwenye mkono wake.

"Na huyo mle ndani," akasema, akielekeza kidevu kwenye kioo, "amevaa vile kwa ajili ya hii?"

"Ndiyo."

"Nimebeba petroli miaka ishirini na sita. Tangi limeandikwa HATARI mbele, nyuma na ubavuni. Watu wananipisha njia nzima." Akagusa kifua chake. "Kumbe siku hizi tangi ni mimi. Ila mimi sijaandikwa."

Nikacheka, naye akacheka, kisha sote tukalitazama lile tone kama watu waliokutana na mfalme njiani. Lilikuwa dogo. Halikutoa moshi wala harufu. Nikafikiri: hiki hapa ndicho kinachopita kwenye damu ya mzee huyu kikitafuta, kinaua na kuacha, na yeye anasimama nacho anatania.

"Haja ndogo nayo inatoka nyekundu hivi hivi," akasema taratibu. "Nimeambiwa nikae, nisisimame, na nivute maji mara mbili na kifuniko kimefungwa. Wanaosafisha kile choo wanajua?"

"Mmoja anajua," nikasema.

Nikamwelekeza choo cha upande wa pili. Alirudi zake, akiugeuza mzigo wake polepole kama anayekata kona na tela.

Ndipo nikasikia malapa. Shangazi.

"Nini hiki?" Alikuja na dekio begani. "Nimekuona tangu kule. Msafishaji kasimama, doa limelala! Unalinda uchafu? Umekuwa askari wa uchafu sasa?"

"Shangazi, usisogee."

"Nisisogee kwenye korido yangu?"

"Ni dawa. Ile nyekundu. Maji yanaitembeza tu, ukipitisha dekio utaipeleka mpaka wodini."

"Nimefuta damu hapa," akasema akikunja mkono wa gauni, "nimefuta matapishi, nimefuta mambo ambayo daktari mwenyewe aliyakimbia. Leo kijiko cha rangi kinishinde? Pisha, mwanangu, kabla msimamizi hajaja kutuaibisha."

Akaliteremsha dekio. Mimi tangu utoto sijawahi kumshika shangazi mkono ila kwa kumwamkia. Nikaushika. Nikaukaza. Mkono wake ni mgumu, una nguvu kunizidi, ukaendelea kusukuma. Uso wake ulikuwa hauamini.

"Unanishika?"

"Nina mimba, shangazi."

Dekio likasimama hewani.

"Tangu lini?"

"Miezi miwili na siku kadhaa."

Alinitazama tumbo, akalitazama tone, akanitazama miguu kana kwamba anapima hatua kati yake na kile kidimbwi. Kisha akanivuta nyuma kwa nguvu mpaka nikayumba. "Na umesimama hapa? Wewe! Nenda ukakae nje. Nitalilinda mimi."

"Huwezi kulilinda. Utalifuta."

Akafungua mdomo kunibishia, akaufunga. Anajijua. "Haya," akasema, "basi nitasimama mbele yako, wewe uwe mgongoni mwangu uniangalie nisilifute." Tukasimama hivyo, mwili wake mnene ukiwa ukuta wangu, akipumua kama aliyepanda kilima. Mara mbili niliona kidole cha mguu wake kikielekea mbele chenyewe. Mara mbili nikamvuta gauni.

Mlango ulipofunguliwa, mfamasia alitoka akiwa ameshavua kila kitu cha mle ndani. Alitazama sakafu, akatutazama.

"Imekaa muda gani?"

"Tangu saa nne na dakika chache, dokta."

"Nani ameigusa?"

"Hakuna."

"Dekio?"

"Halikufika."

Alilipapasa dekio langu kwa macho, uzi kwa uzi, jeupe. Akalichukua boksi, akatuambia turudi mpaka pembe ya korido. Sasa nikaona kwa karibu kile nilichokuwa nakiona kwa kioo. Akavaa gauni, barakoa, miwani, vifuniko vya viatu, glavu juu ya glavu. Akapiga magoti. Hakufuta! Alitandika vitambaa vya kunyonya juu ya kidimbwi taratibu kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, akavisubiri vinywe. Akavikunja kwa ndani. Kisha akaosha kwa sabuni, kutoka ukingoni kuelekea katikati, kila mpapaso kitambaa kipya. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yale matone matatu madogo akayapa heshima ileile ya kidimbwi. Kila kitu kikaingia kwenye mfuko mnene, mfuko ukaingia kwenye mfuko, na glavu za juu zikafuata. Shangazi, ambaye hajawahi kumsifia mtu kudeki, alinong'ona, "Hajaruka hata kiungio cha kigae."

Kigae kilibaki cheupe. Hakuna shimo.

Mfamasia alibaki amepiga magoti, akauliza bila kugeuka, "Nani alikufundisha kusimama?"

"Wewe. Nilikuwa nafuta madirisha ya ukumbi."

Akaufunga mfuko kwa fundo. "Nilisema wasafishaji nao wapewe siku yao. Wakasema baadaye." Akavuta pumzi ndani ya barakoa. "Ningepaswa kuwang'ang'ania."

"Huyu mtoto ana mimba," shangazi akasema. "Mwondoe hapa leo hii."

"Ataondoka leo, nitazungumza na msimamizi mwenyewe. Na siyo chumba cha kufulia. Shuka za wodi hii nazo zina dawa. Ofisini, au jikoni." Akanitazama kupitia ile miwani. "Na vyoo? Ulikuwa unasafisha vyoo?"

"Mpaka wiki mbili zilizopita."

"Kwa glavu zipi?"

Shangazi aligeuza macho nje. Kupitia dirisha la mwisho wa korido ilionekana kamba ya nyuma ya chumba cha kufulia. Mfamasia aliifuata kwa macho, akaiona safu ile ya mikono inapunga, na nikamwona akielewa.

Ilibidi niulize wakati ule. Nilijua nikiondoka pale bila kuuliza sitauliza tena maisha yangu yote. "Dokta, nilikuwa na nyingine mbili kabla ya hii. Nikiwa hapahapa. Hazikufika miezi mitatu." Sauti yangu ilitoka nzuri tu, hata nikaishangaa. "Ni hii?"

Akauweka chini ule mfuko.

"Siwezi kujua," akasema. "Nikisema ndiyo, nitakuwa nakudanganya. Nikisema hapana, nitakuwa nakudanganya vilevile. Mimba huharibika kwa mambo mengi, na mara nyingi hakuna anayejua sababu, hata kwa wanawake ambao hawajakanyaga hospitali. Ninachojua ni cha kuanzia leo. Kuanzia leo huishiki."

Niliitikia kwa kichwa. Ajabu ni kwamba sikulia. Nilikuwa nalitazama eneo lile kavu la sakafu na kuwaza jinsi kitu kinavyoweza kuwa kikubwa hivyo kisiache hata kivuli. Kinamponya yule mzee chumba cha pili, na labda, labda tu, kimechukua wawili kwangu bila hata kujua jina langu.

Lakini shangazi alikuwa ameangusha dekio. Alikuwa ameviinua viganja vyake viwili mbele ya uso, anavitazama kama barua iliyoandikwa kwa lugha ngeni. Viganja vyenyewe ni vyekundu kwa sabuni ya miaka, vimepasuka kwenye mikunjo. Akamsogelea mfamasia, karibu kuliko inavyoruhusiwa, mpaka yule akarudi nyuma na kuinua mikono yake yenye glavu asimguse.

"Dokta," akasema kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, "mimi ndiye niliyemwambia asivae. Mimi ndiye niliyemfundisha. Wewe ni msomi, atakuamini. Mwambie siyo. Usiseme hujui, mwambie tu siyo."